Nilimwambia Skola Bibi Yake Amekufa

Nina miaka arobaini na minne. Ni fundi cherehani, ninakaa Kilakala hapa Morogoro, na ukikutana na mtoto wa shule mtaani kwetu mwenye sketi ya marinda yaliyonyooka, huenda sketi hiyo imepita mikononi mwangu. Naanza na hilo ili mjue kwamba mimi si mwizi wa watoto wala si mchawi, kama baadhi ya majirani wanavyonisema siku hizi. Ni mwanamke wa kawaida kabisa. Nina mdomo, hilo sikatai, wanaonijua wanalijua. Na ni huo huo mdomo ulioniponza...

Mume wangu anaitwa Gaspari. Ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi mitambo kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Dakawa, na alikuwa akirudi nyumbani kila Ijumaa. Tulioana kwa furaha, tukasubiri mtoto. Mwaka, miwili, mitano... Mimba tatu zilitoka, ya nne haikuja kabisa. Mnajua mwanamke asiye na mtoto anaitwaje? Wenzangu wote ni Mama Fulani, mimi nilibaki Rozina mpaka mvi zikaanza kuchungulia. Nilikuwa nacheka nao, nashona nguo za ubatizo za watoto wao, kisha najifungia chooni nalia.

Siku moja Gaspari akaja na habari kwamba ofisi ya ustawi wa jamii inatafuta familia za kukaa na watoto wasio na mtu. Tukaenda, tukajaza fomu. Hapo ndipo nilipomjua Bi. Kabula, afisa ustawi, binti wa Kisukuma kutoka Shinyanga. Sauti yake ni ya upole lakini macho yake hayaachi kitu. Alikagua chumba, akakagua choo, akafunua hata pipa la maji! Alimuuliza mjumbe, akawauliza majirani, akamuuliza na padri. Mimi nikamnunia moyoni. Huyu anamtafutia mtoto pa kukaa au ananitafutia mimi kasoro?

Hatimaye akatuletea Skola.

Alikuwa na miaka minne. Kichwa kimenyolewa, miguu myembamba, kakumbatia mfuko wenye gauni moja na kanga ya mama yake. Mama yake aliitwa Yustina, alikuwa akipika na kuuza chakula stendi ya Dumila. Aliugua, akafia hospitali. Baba yake alikuwa ameshakufa kwa ajali ya pikipiki kabla mtoto hajatembea. Jirani alikaa na Skola wiki mbili, akashindwa, akampeleka ofisini. Kuhusu kwao Yustina, yule jirani alijua jambo moja tu, kwamba alitoka milimani.

Milimani! Uluguru nzima ni milima. Ungeanzia wapi?

Ofisini wanaita malezi ya kambo, jina ambalo sikulipenda hata kidogo, maana mama wa kambo tunayemjua sisi ni yule wa kumnyima mtoto ugali. Mimi sikumnyima Skola kitu. Alikuwa akikaa chini ya meza yangu ya kukatia, anaokota vipande vya vitambaa na kuvipanga kwa rangi. Miezi ya kwanza hakusema neno. Siku moja akajichoma na pini kidoleni, akapiga kelele, "Mama!" Nikasimama na mkasi mkononi nisijue nimwendee au nikae hivyo hivyo nimsikilize tena...

Tangu siku ile mtaa mzima ukaniita Mama Skola. Ninyi mlioitwa mama mkiwa na miaka ishirini hamwezi kujua utamu wa jina hilo!

Ilipotimia miaka miwili tukaomba kumuasili, awe wetu moja kwa moja. Nilidhani Bi. Kabula atatupongeza. Badala yake alikuja nyumbani, akatukalisha mimi na Gaspari, akafungua faili lake.

"Mama Skola, sikilizeni vizuri," alisema. "Mtoto akiwa kwenu kwa malezi, nikikosea naweza kurekebisha. Akishaasiliwa na mahakama, jina linabadilika, cheti kinabadilika, na ukoo wake unabadilika. Nikikosea hapo nimekosea maisha yake yote. Kwa hiyo sasa ndio nitawatafuta ndugu zake zaidi kuliko mwanzo. Aliye hai lazima aulizwe."

Gaspari akaitikia kwa kichwa. Mimi nikawaka moyoni. Miaka miwili nalea, nauguza, nasuka nywele... halafu watafutwe watu ambao hawajawahi kumpa hata kikombe cha uji?

Bi. Kabula alifanya kazi yake, Mungu ni shahidi. Alibandika matangazo Dumila, akatangaza redioni, akampata baba mkubwa wa Skola, kaka wa yule baba aliyekufa. Mzee huyo alikuja akiwa na kofia mkononi, akasema ana watoto sita na hana nguvu ya kuongeza wa saba, anaridhia mtoto aasiliwe. Akasaini. Kuhusu ukoo wa mama hakujua chochote, kwa sababu yule mdogo wake marehemu hakufunga ndoa na Yustina, wala hakuna aliyewahi kupelekwa milimani kujitambulisha.

Sasa hapa, wasomaji wenzangu, kuna jambo ambalo wasio Waluguru huenda hawalijui. Kwetu sisi mtoto ni wa mama yake. Lukolo, yaani ukoo, unakwenda kwa upande wa mama. Shamba analirithi huko, akioa au kuolewa anayeulizwa ni mjomba, akifa anayesimamia ni mjomba. Baba mkubwa anaweza kumpenda mtoto, akamnunulia viatu, lakini kumtoa hawezi. Si wake wa kumtoa! Mimi mwenyewe ni Mluguru wa Matombo, kijishamba nilicho nacho kule nilikabidhiwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Nilijua fika kwamba saini ya yule mzee wa Dumila kwetu haina uzito.

Nilijua... nikanyamaza.

Jumamosi moja nikaenda sokoni na Skola. Alikuwa ametimiza miaka sita. Tukasimama kwa mama mmoja anayeshusha njegere na karoti kutoka Mgeta, kule juu milimani kwenye baridi. Nilikuwa sijawahi kununua kwake. Akawa anapima njegere, mara mkono wake ukasimama. Akamtazama Skola, akainama, akamwangalia sikio la kushoto, pale penye alama nyeusi kama punje ya mtama.

"Jamani... huyu si wa Yustina huyu?" akasema. "Huyu ni mwana wetu! Bibi yake hajui kama yu hai. Mjomba wake Kalisti alishuka Dumila kuulizia, akaambiwa mtoto alichukuliwa na serikali. Wewe mama umempata wapi?"

Sikufikiri hata kidogo. Jibu lilitoka lenyewe.

"Umefananisha, mama yangu. Huyu ni wa mdogo wangu."

Nikamvuta Skola mkono, nikaacha njegere palepale kwenye mzani. Nyuma nilimsikia yule mama akiita, lakini sikugeuka.

 Tulipofika karibu na nyumbani Skola akauliza, "Mama, yule mama amesema nina bibi. Nina bibi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tutauliza. Lakini niliogopa kwamba atalirudia jambo hilo mbele ya Bi. Kabula, maana huwa anaongea na mtoto peke yake kila akija. Nikapiga magoti pale barabarani nikamshika mabega, nikamwambia hivi, na maneno haya nitakwenda nayo kaburini:

"Bibi yako alikufa, mwanangu. Alikufa kama mama Yustina alivyokufa. Huna mtu mwingine, una mimi na baba."

Hakulia. Aliitikia tu, "Haya," tukaingia ndani.

Wiki ile ile Bi. Kabula akaja kukamilisha taarifa yake ya mahakama. Alikuwa amechoka, viatu vyake vimejaa vumbi. Aliniuliza tena kama kuna lolote nimesikia kuhusu ndugu wa mama. Nikasema hakuna. Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini, akaniuliza kama mtu anayemuuliza dada yake.

"Wewe ni mwenyeji, mimi ni mgeni huku. Kwetu Usukumani upande wa baba ukisharidhia, basi. Na hapa kwenu ni hivyo hivyo? Au niende huko milimani nikazunguke vijiji?"

Angeenda! Nilimwona kabisa kwamba angeenda na vile viatu vyake. Alikuwa ananiuliza kwa sababu aliniamini.

"Ni hivyo hivyo," nikamjibu. "Baba mkubwa akisharidhia imetosha. Milimani utapoteza muda tu, dada yangu."

Nikasaini chini ya maelezo yangu. Saini ilinyooka kama mshono. Siku ile mkono ulikuwa wa fundi.

Gaspari sikumwambia. Niliacha kwenda soko lile, nikawa nanunua mboga kwa wachuuzi wapitao mtaani. Skola alipouliza kwa nini, nikasema mboga za kule zina dawa nyingi. Uongo ukishaanza kuushona, wasomaji, unahitaji uzi kila siku! Tukapangiwa siku ya mahakama. Nikamshonea Skola gauni la njano lenye kola nyeupe, nikalitundika ukutani, kila asubuhi analigusa kabla ya kwenda shule.

Zilibaki siku tisa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, Gaspari yupo, anatengeneza mguu wa kiti barazani. Nikasikia hodi. Bi. Kabula ameingia, na nyuma yake yupo mwanamume mrefu mwenye koti zito la baridi, bibi mmoja mdogo amejitanda kanga mbili, na yule mama muuza njegere.

Nikajua yamekwisha.

Yule muuza njegere hakuwa amenisahau. Alipanda Mgeta akamweleza Kalisti, na Kalisti akashuka mara tatu kuzunguka ofisi moja hadi nyingine mpaka akamfikia Bi. Kabula.

"Ndiye huyu," yule mama akasema akininyooshea kidole. "Alinikana sokoni mchana kweupe."

 Bibi alikuwa ameshamwona Skola mlangoni, na gauni lake la nyumbani, na kipande cha ugali mkononi. Akakaa chini sakafuni, pale pale, akafungua mikono. Na mtoto, ambaye huwa anaogopa wageni, akamtazama yule bibi muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, huyu nani?"

 Mimi mwenye mdomo wa kumjibu kila mtu, nikanyamaza! Kalisti ndiye aliyejibu.

"Huyu ni bibi yako, mpwa wangu. Mama yake Yustina."

"Si alikufa?" Skola akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi.

Gaspari aliweka nyundo chini. Sijawahi kuona uso wake ule, na naomba nisiuone tena. Bi. Kabula akaniuliza mbele ya wote kama nilijua. Nilitaka kukana, nawaambia ukweli, nilitaka kukana hata pale! Lakini mtoto alikuwa ananitazama. Nikasema nilijua.

Ombi letu la kuasili likafa siku ile. Bi. Kabula akaandika taarifa mpya. Yeye mwenyewe aliitwa na wakubwa wake, akaulizwa kwa nini hakupanda milimani, akahojiwa kama mkosaji kwa sababu ya kuniamini mimi. Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mimi nimesamehe, dada Rozina. Lakini mlezi anayemficha mtoto ndugu zake, siwezi kumrudishia mtoto. Ningekuwa sifanyi kazi yangu." Aliniita Rozina. Nilisikia vizuri kabisa.

Hawakumng'oa mara moja. Bi. Kabula alipanga bibi aje kumtembelea, kisha Skola apande siku mbili, kisha wiki. Kila aliporudi alikuwa na neno jipya la Kiluguru, na mashavu yamepasuka kwa baridi. Siku ya kuondoka moja kwa moja nilimpakia nguo zote nilizowahi kumshonea. Gauni la njano alilikataa. Alichukua kanga ya mama yake, akaikumbatia kama siku aliyokuja. Nikamwita, "Skola!" Akageuka, akasema, "Shikamoo," kama vile ndio kwanza tumekutana. Akapanda gari.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilijilaza chini ya meza ya kukatia, kwenye vile vipande vya vitambaa alivyovipanga, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Wateja walibisha hodi, sikufungua. Shule zilifunguliwa na sare za watu hazijaisha, nikatukanwa, sikujali.

Gaspari hakunipiga wala hakunitukana. Alisema neno moja tu.

"Ungeniambia siku ile, Rozina, tungepanda mlima pamoja."

Akarudi Dakawa. Ijumaa ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Siku hizi anakuja akijisikia, anakaa barazani, anaondoka. Tunaongea habari za mvua.

Baada ya miezi mitano niliomba ruhusa kwa Bi. Kabula nimwone mtoto, akawauliza wenyewe, wakakubali. Nikapanda Mgeta na pikapu iliyopeleka maboksi matupu ya mboga. Kalisti alinipokea kama mgeni wa heshima, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Nilipewa kiti, nikapewa ugali na maharage, nikanawishwa mikono. Nyumba ni ya matofali, safi, matuta ya karoti yanaanzia mlangoni. Niliyekuwa nikimuwaza kama adui yangu ni mwanamume anayezungumza taratibu na kukatiza maneno yake ili kumwekea mama yake kuni motoni.

Tulipomaliza kula nikamwambia, "Mjomba, nilikosea. Niliogopa mtamchukua."

Akachokoa moto.

"Mama yangu ni mzee," akasema. "Mimi mke wangu alifariki. Shule ya hapa ni mwendo wa saa nzima. Ungekuja, ukakaa hapo ulipokaa sasa, ukasema, huyu mtoto nampenda, nipeni nimlee... tungekaa kikao cha lukolo tukakupa. Tungetaka jambo moja tu. Akivunja ungo umlete, mama yangu amweke ndani na kumfunda kama wenzake, ajue ukoo wake. Basi. Tungekupa na baraka."

 Wangenipa! Kitu nilichokiiba kilikuwa ni changu cha kupewa. Ilikuwa ni kupanda mlima tu, kukaa kwenye kigoda na kusema shikamoo!

Nikamuuliza kwa sauti ya kuomba, "Na sasa?"

"Sasa mtoto mwenyewe hataki," akasema. "Na hata angetaka, nitamwambia nini mama yangu, ambaye ulimzika akiwa hai?"

Nikauliza Skola yuko wapi, maana tangu nifike sikuwa nimemwona. Bibi akaonyesha kwa mdomo upande wa barabara.

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, pale pikapu zinapogeuzia. Amekua. Kanga ya mama yake kajifunga kifuani. Nikamsalimia, akaniamkia kwa adabu. Nikakaa pembeni yake, nikamwambia nimemkumbuka sana. Akaitikia. Alikuwa anatazama ile pikapu niliyokuja nayo, anawaangalia waliokuwa wanashuka, mmoja mmoja.

"Unamsubiri nani, mwanangu?"

"Mama."

 Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilidhani ni mimi!

"Mimi si niko hapa?"

Akatikisa kichwa.

"Mama Yustina," akasema.

Nikamwambia taratibu kwamba mama Yustina alifariki, kwamba hiyo ni kweli, kwamba kaburi lake lipo Dumila. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, bila hasira, kama mtoto anayemweleza mtu mzima jambo lililo wazi:

"Ulisema bibi amekufa kama mama alivyokufa. Na bibi yupo. Basi na mama yupo."

Niliapa. Nilimwapia Mungu na watakatifu wote. Hakunitazama tena. Bibi aliniambia baadaye kwamba wameshamweleza kila namna, padri ameongea naye, Bi. Kabula amempeleka mpaka kaburini, na bado kila siku ya kushusha mboga anakwenda kukaa kwenye lile jiwe. Mvua ikinyesha anajifunika kanga na kuendelea kukaa.

Wasomaji wenzangu, wapo kati yenu wanaolea watoto wasio wao, na wanawapenda kuliko roho zao. Nawaombeni kwa machozi... afisa ustawi akija na maswali yake, mjibuni! Akitaka kupanda mlima, mshikeni mkono mpande naye. Mtoto akiuliza kuhusu watu wake na hujui, sema sijui. Usimuue mtu wake yeyote kwa mdomo wako ili ubaki naye wewe.

Mimi sasa naitwa Rozina tena. Kila Jumamosi nakwenda soko lile, nanunua njegere kwa yule mama, naye hupima bila kunisemesha. Namuuliza swali moja tu, kama mtoto bado anakaa pale barabarani. Wiki iliyopita alinijibu kwamba bado.